Mkono Unaofungua Chaza

Wanachama wetu huenda wakastaajabu kuona ukurasa huu, ambao desturi yake ni khabari za bei, magunia na majamvi, leo unazungumza juu ya chaza. Twawaomba radhi, na twawaomba pia wavumilie mpaka mwisho, kwani tuliyoyakuta pwani yameturudisha mashambani kwetu wenyewe, tena kwa aibu.

Sababu yenyewe ni hii. Bamvua lililopita tulishuka pwani kumtafuta mke wa mwanachama wetu mmoja, atie sahihi katika daftari la hisa, maana hisa ile ni ya jina lake. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mwambani. Tulimkuta pamoja na wenziwe wapatao kumi na watano, wamekaa chini ya mivinje, kila mmoja na chungu yake ya magamba, kipande cha chuma mkononi, na bakuli la nyama ya chaza mbele yake. Mchuuzi alikuwa amesimama na kopo. Kila bakuli likijaa humiminwa koponi, mchuuzi akahesabu, akalipa, akamimina katika ndoo yake, akaendelea kwa mwingine.

Tulilitazama lile kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, na kitako chake kimegongwa kwa ndani kikatoka nje kama tumbo. Tulipouliza lachukua kiasi gani, mchuuzi alijibu, "Kibaba, Bwana, kama siku zote." Kwa kuwa mwenye duka la jirani ana kibaba cha chuma, tulikiazima, tukakijaza maji, tukayamimina koponi. Kibaba kizima kiliingia na nafasi ikabaki. Tukaongeza kidogo kidogo, ikaingia robo nyingine ya kibaba ndipo kopo likajaa. Wale wanawake walicheka, lakini hawakustaajabu. Jambo lile walikuwa wakilijua siku nyingi.

Bibi mmoja mtu mzima, aliyekuwa hata hajainua macho katika kazi yake, alisema, "Mungu akuweke, Bwana Karani. Sasa ukirudi huko juu mashambani, na pishi ya waume zetu nayo utaipima?"

Hatukuwa na jawabu. Tulichukua sahihi tuliyoijia, tukarudi. Lakini neno lile lilitufuata njia nzima, na ndilo lililoandikisha makala haya.

KAZI YENYEWE

Kwanza yafaa tueleze kazi ilivyo, maana wengi wetu wanaume twamla chaza na hatujui alivyofunguka.

Chaza ana magamba mawili. Moja ni la bonde, ndilo alilolalia. La pili ni bapa, ndilo kifuniko chake. Nyuma yameungwa kwa bawaba, na bawaba hiyo kwa tabia yake yapenda kuyafungua. Kinachoyafunga ni msuli mmoja mnene ulio ndani, ulioshika gamba la chini na la juu. Chaza aliye hai akiguswa huuvuta msuli ule, na hapo hata mpagazi wa bandarini hawezi kuyatanua kwa vidole. Kwa hivyo kazi yote ya kufungua chaza ni kuufikia msuli ule na kuukata bila ya kuichana nyama. Chaza akifa msuli hulegea na magamba huachana. Ndiyo maana chaza aliyeachama, ukimgonga asijifunge, hutupwa. Huyo si chakula tena.

Katika pwani zetu kazi hii yafanywa kwa njia mbalimbali. Chaza wa mwambani aghalabu hapelekwi nyumbani na gamba lake. Mwanamke hukivunja kifuniko kwa nyundo au chuma pale pale juu ya jiwe, akaikwangua nyama, na gamba la chini likabaki limeshika mwamba. Njia hii ni ya haraka, lakini vipande vya gamba huingia nyamani, na vidole huumia kila siku. Chaza wa mikoko hugandama juu ya mizizi, na wako wanaoukata mzizi mzima ili wapate chaza watano. Hiyo ni khasara mbili, ya mkoko na ya chaza wa mwakani. Kombe wao huchemshwa. Msuli ukiiva huachia, nao hufunguka wenyewe. Kazi yao ni ya kuni zaidi kuliko ya kisu.

Njia ya kisu ni tofauti, nayo twataka kuieleza kwa utaratibu kwa sababu itarudi mwishoni. Chaza huoshwa matope. Huwekwa juu ya kitu imara, gamba la bonde chini ili maji yake yasimwagike, na mkono wa kushoto hushikwa juu ya kitambaa kinene. Gunia la zamani la karafuu lililokunjwa mara nne lafaa sana. Ncha ya kisu hutiwa penye bawaba, ikatafutiwa nafasi kwa kuchezeshwa polepole. Hapo mfunguaji hasukumi, bali hukizungusha kisu kama azungushaye ufunguo katika kufuli. Bawaba hulia, gamba huachia. Kisha kisu hupitishwa kikilamba dari ya gamba la juu mpaka kiukate msuli, kifuniko kikaondolewa, na mwisho kisu hupita chini ya nyama ikawa huru. Mtu aliyezoea hufanya hayo yote kabla mwingine hajamaliza kuvuta pumzi mbili.

Kisu cha kazi hii si kisu cha jikoni. Ni kifupi, kinene, makali yake butu, na mpini wake ni wa mviringo wa kujaza kiganja. Kisu chembamba chenye makali hapa ni adui, kwani kikiteleza huingia mkononi. Mamake mwanachama wetu mmoja alijikata kiganja kwa kisu cha kupasulia samaki siku chache kabla ya karafuu kuiva. Jeraha lilivimba, akalala hospitali, na msimu wote hakuchambua hata konyo moja. Maji ya bahari yenye joto yana vijidudu ambavyo vikiingia katika kidonda huweza kuleta maradhi makali kwa muda mfupi, khasa kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini au wa sukari. Aliyekatwa na gamba na aoshe jeraha mara moja kwa maji safi na sabuni, na likianza kuvimba au kuuma sana asingoje kesho, aende kwa daktari. Na mwenye ugonjwa wa ini asile chaza mbichi kabisa.

KWA NINI HAPANA MASHINE

Watu huuliza, kwa nini katika dunia ya leo kazi hii ingali ya mikono? Jawabu ni kuwa hapana chaza wawili walio sawa. Kila mmoja amekua kufuata jiwe lake na jirani yake. Huyu amepinda, yule ni mrefu, mwingine amegandamana na wenziwe watatu. Mashine yapenda vitu vilivyo sawa. Mvuke huwafungua, lakini huwapika, nao wafaa kwa makopo tu. Mwisho wa miaka ya 1990 viwanda katika jimbo la Louisiana, Marekani, vilianza kutumia mitambo ya kuwabana chaza ndani ya maji kwa nguvu kubwa mno mpaka msuli ukaachia wenyewe. Lakini mitambo hiyo ni ya thamani kubwa, na mahali pengi chaza mbichi bado hufunguliwa na mtu aliyesimama na kisu.

Mwenye karafuu hana haja ya kuelezwa zaidi. Nani amepata kuona mashine ya kuchuma karafuu ipandayo mkarafuu, ikachagua kishada kilichokomaa kikakiacha kichanga, bila ya kuvunja tawi? Chaza na karafuu ni ndugu katika jambo hili: thamani yake yote hupita katika vidole vya mtu. Na kwa kuwa vidole vya mtu havina mita, mtu huyo hulipwa kwa kipimo cha kile alichokitoa. Basi hapo ndipo penye maneno.

KHABARI ZA MARYLAND

Twapenda sasa kuwapeleka wanachama mbali kidogo, hadi nchi ambako kazi hii ya kufungua chaza ilipata kuwa kazi ya maelfu ya watu, ili tuone mambo ya kipimo yaliwafikisha wapi.

Katika Marekani liko jimbo la Maryland, na ndani yake imeingia ghuba kubwa iitwayo Chesapeake. Zamani chaza wa ghuba ile walikuwa hawahesabiki. Reli zilipoenea, mji wa Baltimore ukawa mji wa kufungua chaza na kuwapeleka bara, wengine wabichi juu ya barafu, wengine katika makopo. Mji mdogo wa Crisfield, uliofikiwa na reli katika miaka ya 1860, ulipanuliwa kwa magamba matupu hata sehemu yake moja imejengwa juu yake. Katika msimu wa 1884 hadi 1885 Maryland peke yake ilitoa chaza wapatao busheli milioni 15, na busheli ni kapu kubwa la kubebwa na mtu mzima kwa mikono miwili.

Chaza wote wale walifunguliwa kwa mikono. Wafunguaji wengi walikuwa watu weusi, wanaume na wanawake. Maryland iliufuta utumwa mwaka 1864. Kwetu hukumu ya utumwa ilifutwa mwaka 1897. Mtu aliyetoka katika kazi ya kulazimishwa aliipenda kazi ya kulipwa kwa kipimo, kwa kuwa hakuna wa kumwambia fanya upesi au fanya polepole. Mkono wake ndio msimamizi wake. Walisimama katika vibanda vya mbao tangu alfajiri, wakati wa baridi, magamba yakiwalundikia miguuni, nao wakiimba nyimbo za dini ili mikono iende pamoja. Kila aliyejaza chombo alikwenda kupimiwa, akalipwa kwa galani.

Sasa tuitazame hiyo galani, maana ndani yake mna hesabu ambayo kila mwenye shamba yafaa aijue. Kwa daraja za chaza zinazotumika Marekani, galani moja ya chaza wakubwa kabisa haizidi chaza 160. Daraja ya pili ni chaza 161 mpaka 210. Ya tatu ni 211 mpaka 300. Wadogo ni 301 mpaka 500 kwa galani moja. Basi watu wawili wasimame pamoja, huyu amepewa chungu ya chaza wakubwa na yule amepewa chungu ya wadogo. Wa kwanza afungue 160, galani imejaa. Wa pili afungue 160, hajafika hata nusu ya safari ikiwa chaza wake wataka 400. Kisu ni kile kile, mkono ni ule ule, saa zimepita zaidi ya mara mbili. Wakilipwa bei moja kwa galani, kipimo kimekuwa cha kweli na malipo yamekuwa ya dhulma.

Twadhani mchumaji wa karafuu ataifahamu hesabu hii bila ya ubao wala chaki. Kuna mkarafuu uliolemewa hata matawi yamelala, na kuna mkarafuu mkongwe wenye vishada vitatu juu ya kilele. Pishi ni moja, bei ni moja. Wachumaji hugombania miti, na sisi huwaita wagomvi.

Jambo la pili ni la watoto. Kwa kuwa malipo yalikuwa kwa kipimo, mama aliyetaka kujaza vyombo vingi aliwaleta wanawe. Wakati wa baridi familia za wahamiaji, wengi wao wakiwa watu wa asili ya Poland, walitolewa Baltimore wakapelekwa kwa reli mpaka viwanda vya kusini, wazazi na watoto pamoja. Mpiga picha Lewis Hine, aliyeanza kazi na kamati ya kupinga ajira ya watoto mwaka 1908, alizunguka katika viwanda hivyo akapiga picha za watoto wa miaka saba, minane na hata chini ya hapo, wamesimama juu ya milima ya magamba na visu mikononi. Hapana mtu aliyemwajiri mtoto yule kwa jina lake. Daftari la kiwanda lilimjua mama tu. Mtoto alikuwa "akisaidia". Sheria ya nchi nzima iliyotungwa mwaka 1916 ilibatilishwa mahakamani mwaka 1918, na ilikuwa mwaka 1938 ndipo ilipopatikana sheria iliyosimama. Tuliposoma khabari hii tulikumbuka mwezi wa karafuu, na madarasa yalivyo na nafasi wazi, nasi husema, "Watoto wanasaidia."

Jambo la tatu litawachekesha wanachama. Nyama ya chaza aliyefunguliwa ikikaa katika maji baridi yasiyo ya chumvi huyanywa, ikavimba. Mwenye kuuza hupata galani nyingi kwa chaza wachache, na mnunuzi akila huona ladha imekwenda. Kwa hivyo sheria ya Marekani imeweka kuwa chaza akishafunguliwa asikutane na maji zaidi ya dakika 30 kwa jumla, kuosha na kusuuza vyote ndani yake. Kumbe mchezo wa kuuza maji haukuanza kwetu! Aliyepeleka karafuu mbichi kituoni akitumai unyevu utampa uzito, akarudishiwa gunia au akaona karafuu zake zimegeuka mpeta, na ajue kuwa ana ndugu zake ng'ambo ya bahari.

Mwisho wa chaza wa Chesapeake ulikuwa wa kusikitisha. Walivuliwa kupita kiasi, kisha yakaja maradhi ya chaza yaliyoonekana katika ghuba ile mwaka 1959, mengine yakiwa yametangulia, na vibanda vya kufungulia vikafungwa kimoja baada ya kimoja. Leo yako mashindano ya kufungua chaza, yanayofanywa kila mwaka katika wilaya ya St. Mary's, Maryland, tangu mwaka 1967. Mshindani hufungua chaza 24 mbele ya watu, naye huongezewa sekunde kwa kila chaza aliyechanika au mwenye mchanga. Ni jambo la kupendeza, lakini mashindano hayalishi mji.

Watu wa huko walijifunza jambo moja kwa khasara, nasi tulijifunze bure. Mtoto wa chaza huogelea wiki mbili au tatu tu, kisha hutafuta kitu kigumu cha kugandama, na kitu akipendacho kuliko vyote ni gamba la chaza mwingine. Magamba yaliyojengewa barabara hayakuzaa kitu. Kwa hivyo sasa chaza wasiofika inchi 3 hurudishwa majini, na tangu mwaka 2010 uko mpango wa kukusanya magamba matupu mahotelini, yakaoshwa, yakarudishwa katika ghuba ili watoto wa chaza wapate pa kukaa.

DAFTARI LA MPIGA MBIZI

Iko khabari nyingine iliyo karibu zaidi nasi, na wazee waliopata kuzungumza na mabaharia wa majahazi ya kaskazi huenda wakaikumbuka. Katika Ghuba ya Uajemi chaza walifunguliwa si kwa chakula bali kwa lulu. Chaza wa wapiga mbizi wote walilundikwa pamoja juu ya sitaha, na asubuhi ya pili mabaharia wote walikaa duara wakawafungua kwa visu vifupi, nahodha akiwatazama mikono. Hapana aliyejua lulu ile imetoka katika kikapu cha nani. Lulu ziliuzwa, gharama zikatolewa, na kilichobaki kikagawiwa mafungu.

Lakini mpiga mbizi hakushika kalamu. Kabla ya msimu alikopa chakula cha nyumbani kwake, na deni liliandikwa na nahodha peke yake. Msimu ukenda vibaya, deni lilihamia mwaka wa pili, na akifa lilitafuta wanawe. Katika Bahrain, miaka ya 1920, serikali iliamuru kila mpiga mbizi awe na daftari lake mwenyewe la hesabu, lililoandikwa alichokopa na alicholipa. Daftari dogo lile lilichukiwa sana na wenye vyombo. Biashara yenyewe ilianguka katika miaka ya 1930, lulu za kufugwa za Japani zilipojaza masoko na fedha zikaadimika duniani. Lakini jambo la daftari lilibaki kuwa fundisho. Kipimo kisichoonwa na mfanya kazi si kipimo, ni khabari aliyosimuliwa.

TUREJEE KWETU

Tulipofika nyumbani siku ile ya pwani, tulitoa pishi ya shamba letu wenyewe. Hatusemi pishi ya mtu mwingine. Ni yetu, tuliyoirithi kwa baba. Pishi kama ijuavyo kila mtu ni vibaba vinne. Tuliijaza karafuu kama ajazavyo msimamizi wetu wakati wa msimu, yaani kwa kilemba, mpaka karafuu zaporomoka pembeni. Kisha tukakata kwa kijiti, ikawa pishi ya mfuto, na kile kilemba tukakipima peke yake. Kilikaribia nusu kibaba.

Nusu kibaba si kitu, mtu atasema. Basi na ahesabu. Katika kila pishi nane, vilemba vinane ni vibaba vinne, na vibaba vinne ni pishi kamili. Mchumaji aliyetuletea pishi nane alituchumia tisa, akalipwa nane. Kopo la mchuuzi wa pwani lilikuwa limetokeza kitako. Pishi yetu ilikuwa imetokeza kichwa. Hiyo ndiyo tofauti yetu sisi na yeye.

Na bado mwezi mmoja nyuma tuliandika katika ukurasa huu huu malalamiko ya wanachama juu ya mizani ya kituoni, kuwa karani husoma upesi na mwenye gunia haoni. Malalamiko yale yalikuwa ya haki na hatuyafuti. Lakini sote tuliopita chuoni twaikumbuka Sura ya Mutaffifina na watu inaowataja. Hatuna haja ya kuwasomesha wazee wetu. Mtu hawezi kudai mizani iliyo wazi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika pishi yenye kilemba.

Twajua yatakayosemwa. Litasemwa kuwa kilemba ni desturi tangu babu zetu, na mchumaji mwenyewe anaijua. Ni kweli anaijua, kama wale wanawake walivyolijua kopo. Kujua dhulma si kuiridhia. Litasemwa pia kuwa bila ya kilemba gharama ya kuchuma itapanda. Huenda. Basi mwenye shamba asiyeweza kulipa bei ile na aitaje bei aiwezayo, mbele ya watu, mchumaji akubali au akatae. Anayetaka kulipa kidogo na aseme kidogo. Asilifiche dogo lake ndani ya kipimo. Na wako watakaosema kuwa chaza si kazi ya Chama cha karafuu. Twajibu kuwa fedha ya chaza ndiyo inayonunua mchele katika nyumba nyingi za wanachama msimu wa karafuu ukisha, na mkono unaofungua chaza mwezi huu ndio utakaochambua karafuu zetu mwezi ujao.

MAOMBI YETU KWA MKUTANO

Kwa hayo, tumeona vyema tuweke mbele ya Mkutano Mkuu mambo haya manne, wanachama wayatafakari kabla ya kufika.

Kwanza, Chama kimpe kazi mhunzi atengeneze visu 20 vya kufungulia chaza kwa springi kuukuu za magari, vyenye mipini ya mviringo, viuzwe kwa wake na mama wa wanachama kwa bei ya gharama tu. Tulikwisha mtengenezesha kimoja cha kuonyesha.

Pili, pwani iwekwe kibaba cha chuma kilichokaguliwa na wakaguzi wa mizani na vipimo, kikae mikononi mwa wanawake wenyewe. Mchuuzi akija, apime kwa kibaba chao. Na kila shamba la mwanachama litumie pishi ya mfuto, ikatwe kwa kijiti mbele ya mchumaji. Kwa mikarafuu mikongwe yenye vishada vichache, bei ya pishi iongezwe, kama mwenye kufungua chaza wadogo alivyostahili kuongezewa.

Tatu, kila mchumaji awe na kadi yake, aandikiwe pishi zake siku ile ile, naye arudi nayo nyumbani. Na asiandikiwe mtoto katika kadi ya mzazi saa za skuli.

Nne, magamba matupu ya chaza yarudishwe mwambani na mikokoni badala ya kutupwa njiani, chaza wadogo waachwe wakue, na mizizi ya mikoko isikatwe.

Bamvua la pili tulishuka tena pwani na kile kisu kimoja. Tulimpa yule bibi, akakipimapima mkononi, akafungua chaza watatu mfululizo pasipo hata chembe ya gamba kuingia nyamani. Alisema, "Kisu chema, Bwana Karani." Kisha akatutazama, akangoja. Tulimwambia kuwa pishi tumeipima, na alichokuwa akikishuku ni kweli, na kwamba tutakiandika. Alitikisa kichwa, akashika chaza wa nne.

Basi twawaomba wanachama wote, siku ya Mkutano Mkuu, kila mwenye shamba aje na pishi yake mkononi. Kibaba cha chuma kitakuwako mezani, na yetu itapimwa ya kwanza.